Kuna kweli ng'ombe wa maziwa wa Jamaika anayehimili joto?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nafuga Muheza, nina ng'ombe wa Friesian wawili, wale wakubwa wa maziwa wa Ulaya, asubuhi wako poa ila ikifika saa saba mchana wanahema ulimi nje na maziwa yanashuka mpaka nakata tamaa. Shemeji yangu ananiambia eti kuna daktari wa mifugo wa Jamaika, mtu mweusi kama sisi, alitengeneza ng'ombe wa maziwa wa nchi za joto. Ni kweli au stori tu? Na sisi tunaweza kumpata? – Mfugaji, Muheza

JIBU: Ndugu yangu, ni kweli kabisa, na nimefurahi umeuliza maana huyu mzee huku kwetu hatajwi. Anaitwa Thomas Phillip Lecky. Ila hakuwa daktari wa kutibu, fani yake ilikuwa uzalishaji, yaani dume gani apande jike gani. Alizaliwa 1904 Swift River, kijiji cha wilaya ya Portland hukohuko Jamaika, kwa wakulima wadogo, akasoma shule ya kilimo ya Hope, akaenda Kanada, mwisho Edinburgh akapata PhD 1949.

Enzi hizo ng'ombe wa Ulaya wakifika Jamaika walikuwa wanapata shida hiyohiyo ya wako, jua na kupe, na ng'ombe wa joto nao wanavumilia lakini maziwa kidogo. Pale shamba la serikali la Hope kulikuwa na kundi la chotara wa kila aina, Lecky akalichambua miaka na miaka, akaegemea Jersey, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, kwa sababu mwili mdogo, hali chakula kingi, halafu damu ya Sahiwal, wale wenye nundu wa Punjab, ndio ikaleta uvumilivu. Mwaka 1952 ng'ombe huyo akatambuliwa rasmi kwa jina la Jamaica Hope: Jersey kama asilimia 80, Sahiwal 15, na Friesian 5 tu. Hiyo 5 naomba uiangalie mara mbili, maana sisi huku tunakimbilia Friesian mkubwa kuliko wote halafu tunamlaza chini ya bati, na mimi nayasema haya nikimkumbuka ng'ombe wa mama yangu, mchana anasimama kwenye kivuli cha mwembe mate yanamdondoka, pumba iko mbele yake wala haigusi.

Kazi ngumu ilikuwa madume. Dume humkamui, kwahiyo hujui kabeba nini mpaka binti zake wazae na wakamuliwe, hapo imepita miaka mitano au zaidi, na bila daftari la nani mtoto wa nani na katoa lita ngapi huna kitu. Lecky alikuwa mtu wa kumbukumbu. Kwa njia hiyohiyo akaendelea na ng'ombe wa nyama, Jamaica Red na Jamaica Black. Nchi yake ilimpa nishani ya Order of Merit 1978, akafariki 1994.

Sasa kumleta huyo Jamaica Hope kwako, mimi siwezi kukushauri. Kule hakuna ndigana kali, huo ni ugonjwa wa kupe wa huku kwetu Afrika, kwahiyo kupe aliowazoea yeye sio hawa wa Muheza. Sahiwal yuko jirani, Wakenya wana kundi lao Naivasha, na sisi wenyewe tuna ng'ombe wa Mpwapwa, aliyetengenezwa hapahapa Dodoma akichanganywa zebu wetu wa kienyeji, Sahiwal na Red Sindhi na wengine, akakamilika miaka ya 1950 kipindi kilekile cha Lecky. Hao wawili wako wakiingia joto tena, yaani wakitaka dume, mwambie bwana mifugo akuletee mbegu ya Jersey au Sahiwal, usikubali Friesian tena kwa sababu tu ndiyo iliyopo kwenye mtungi wake wa mbegu, na mtamba, yaani ndama jike, atakayezaliwa mwandike tarehe, jina la dume, na lita zake kila siku akianza kukamuliwa.