Neno lipo kwenye kamusi ila hakuna anayelisema, imekuwaje?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi nafundisha Kiswahili sekondari. Nimekuta neno kwenye kamusi ya zamani, nimeuliza wazee, nimetafuta mtandaoni, hakuna anayelijua. Kamusi inaweza kuwa na neno ambalo halipo kabisa? Na nitajuaje?

JIBU: Marahaba mwalimu. Inaweza kabisa. Mi huyaita maneno hewa, kama wafanyakazi hewa, jina lipo kwenye orodha ya mishahara lakini ukiliita haitiki mtu.

Linalojulikana zaidi ni dord. Lilitoka Marekani kwenye kamusi ya Webster, toleo la pili la 1934, ukurasa wa 771, na maana wamekuwekea pale eti ni densiti, neno la fizikia na kemia, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ujazo wake. Sasa angalia lilivyozaliwa. Tarehe 31 Julai 1931 mhariri wao wa kemia, Austin Patterson, alipeleka kadi imeandikwa "D or d", na hiyo "or" ni "au" tu ya Kiingereza, yaani alitaka kwenye vifupisho iongezwe kwamba D kubwa au d ndogo husimama pia badala ya densiti. Basi. Ila kadi ikaangukia kwenye fungu la maneno badala ya fungu la vifupisho, na kadi za maneno pale zilikuwa zinapigwa taipu herufi zimeachana ili mtu apate nafasi ya kuweka alama za mkazo na silabi, kwa hiyo aliyeishika aliona d o r d akaziunganisha, likapewa nomino, likapewa matamshi, prufu, yaani nakala ya kusahihishia kabla ya kuchapa, ikapita, kila mmoja anaamini wa kabla yake ameshahakiki. Lilikaa bila kugundulika mpaka 28 Februari 1939, mhariri mmoja anapekua akaona mbona hili halina asili, halikutoka Kilatini wala Kigiriki wala popote? Akafukua kadi za zamani, ndo ikajulikana.

Hilo lina afadhali maana lilidumu miaka michache. Kuna abacot, eti kofia ya wafalme wa Uingereza, hilo lilihamishwa kamusi hadi kamusi kwa karne kadhaa mpaka James Murray, mhariri wa kamusi ya Oxford, alipolifichua mwaka 1882, kumbe ni bycocket, jina la aina ya kofia, liliharibika kwenye kunakili na kupiga chapa. Na hapa ndo naomba unielewe vizuri mwalimu: kamusi kumi zikinakiliana, huo ni ushahidi wa kamusi moja tu.

Kwetu hatari ipo pia, hasa kwenye miswada ya zamani ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Herufi ile ya b zamani iliandikiwa b, p na mb, kwa hiyo andiko hilohilo mmoja anasoma baba, mwingine papa, mwingine pamba. Msomaji akikosea kwenye utenzi ambao mahadhi yanakubali kote kuwili, anaweza kuzalisha neno ambalo hakuna mama aliyewahi kulitamka, na kamusi ikalichukua. Nukta zinazotofautisha herufi nazo zikifutika na unyevu ndo balaa, n inageuka b, b inageuka t. Mi mwenyewe nikifika hapo huwa siandiki kitu mpaka nipate mswada wa pili.

Kwa hilo neno lako, usianze na maana, anza na sentensi. Kuna mtu yeyote aliyelitumia kwenye shairi, barua, gazeti, bila kulinukuu kutoka kwenye kamusi? Halafu tazama neno linalofanana nalo kwa herufi moja, n na u, r na l, huenda ni hilo limeandikwa vibaya. Lakini usiseme ni hewa kwa sababu tu wazee wa mtaani kwako hawalijui, maana kuna maneno ya Lamu au Pemba ambayo mtu wa Morogoro hajawahi kuyasikia na yanasemwa mpaka leo, tena mengine wanayo wavuvi tu.

Nipigie picha ukurasa wote, siyo neno peke yake, pamoja na jalada la ndani lenye mwaka wa kuchapwa. Nataka kuona maneno ya juu na chini yake, kama alfabeti imeruka hapo tutakuwa tumeshapata pa kuanzia.