Re: Kila mtu anapewa 3 kati ya 5, wachapakazi wamelegea

Habari ndugu, pole na hilo sekeseke. Nimekuelewa hivi: hoteli yenu hapo Moshi inapima watu kwa alama 1 hadi 5 kila Desemba, wasimamizi wanampa kila mtu 3, na waliokuwa wanajituma sasa wanaona hakuna faida.

Kabla ya kubadilisha fomu, angalia kwanza maneno yaliyo mbele ya kila alama. Kama 3 imeandikwa "wastani" na basi, msimamizi ataikimbilia tu. Nani anataka ugomvi na mtu anayekutana naye jikoni kila asubuhi? Sisi huku Arusha, kwenye kampuni ya utalii, tuliandika matendo. Kwa dereva, 3 ni gari limekaguliwa kabla ya safari: tairi, oili, maji, jeki, na karatasi ya ukaguzi imesainiwa. 4 ni hayo yote, na hitilafu ameiripoti akiwa bado gereji, si akiwa ameshakwama Ngorongoro na wageni. Ubishi ulipungua, maana mnabishania karatasi, si tabia ya mtu.

Halafu msisubiri Desemba; kaeni na kila mfanyakazi dakika chache kila mwezi. Adobe, kampuni ya programu za kompyuta, waliacha alama za mwaka tangu 2012.

Ila usilazimishe idadi fulani wapate alama za chini. Microsoft waliuacha mtindo huo 2013. Mapokezi wakiwa wanne tu, kila mmoja ataogopa kuwa wa mwisho, wataanza kufichana habari za wageni.

Bonasi yenu sijui inahesabiwaje. Tupia fomu hapa, ficha majina, tuione.