Maswali ya wapiga vinanda: spika kubwa haisaidii kama mwenyewe hujisikii

Desemba ndiyo hii. Maembe yanadondoka juu ya bati usiku kucha, harusi zimepangana hadi mkesha wa mwaka mpya, na simu yangu imejaa ujumbe wa wapiga vinanda. Nimechagua machache. Ninyi mlioniuliza kwa mara ya kumi "fundi, spika gani nzuri?" na mkaishia hapo, jibu lenu ni hili: nzuri kwa ukumbi gani, kwa watu wangapi, na mfukoni mna shilingi ngapi? Mkiyajua hayo, niandikieni tena.

*Shikamoo fundi. Nina spika mbili za inchi 15, kila moja imeandikwa wati 2,000. Bado kinanda kinamezwa na ngoma na gitaa la besi, napiga kwa nguvu mpaka vidole vinauma. Niongeze spika ya wati ngapi? (Mpiga kinanda, Isevya)*

Marahaba. Usiongeze kitu. Hizo spika zako zimeelekea kwa wageni, wewe umekaa nyuma yake. Unachopata ni mngurumo wa besi pamoja na sauti iliyogonga ukuta wa mwisho wa ukumbi ikarudi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ukiwa mita 17 mbele yako, noti uliyoipiga inakurudia baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ndiyo maana mpiga ngoma anakufokea kwamba unavuta wimbo. Hujisikii, na wala simaanishi homa.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye harusi moja hapa mjini Tabora. Kijana wa kinanda alikuwa na monita, yaani spika ya mpigaji kujisikia mwenyewe, ila imelazwa sakafuni, inamwimbia magoti. Nikaomba kreti mbili za soda, nikaipandisha juu yake, nikachomeka kipande cha tofali chini ya ukingo wa mbele ili uso wake uinuke kuelekea kichwani, kama mita moja kutoka sikio lake la kulia. Kisha nikapunguza sauti. Ndiyo, nikapunguza. Kufika wimbo wa pili kijana akaacha kugonga kinanda kama mtu anayepigilia misumari.

Hesabu yake ni nyepesi. Ukisogeza spika kutoka mita mbili hadi mita moja, umepata kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) bila kutoa hata shilingi. Ukitaka desibeli hizo hizo kwa kununua wati, unahitaji wati mara nne. Wewe chagua.

Na hizo wati 2,000, hebu geuza spika uangalie pale waya wa umeme unapoingia. Pana maandishi madogo ya fyuzi. Yakisema ampea 2 kwa volti 230, zidisha: 460. Kitu kinachokula wati 460 hakiwezi kutema 2,000 mfululizo. Kinaweza kurusha kilele cha kufumba na kufumbua, na hicho kilele ndicho kilichoandikwa mbele kwa rangi ya dhahabu. Ng'ombe humpi konzi moja ya pumba ukategemea ndoo ya maziwa. Wala usipime spika kwa uzito, siku hizi kuna sumaku nyepesi zenye nguvu kuliko zile za zamani. Soma kibandiko cha nyuma, halafu nenda na kinanda chako dukani ukakijaribu pale pale. Mwenye duka akinuna, tafuta duka jingine.

*Fundi, naweza kutumia spika ya bluetooth kama monita? (Cheyo)*

Hapana. Sauti inachelewa mno njiani, utajikuta unapiga "Amina" wenzako wakiwa wameshakaa.

*Kinanda cha kwaya yetu kina tundu moja tu, la hedifoni. Ukisikiliza kwa hedifoni piano ni nzuri sana, tukiingiza kwenye mixa (mashine ya kuchanganyia sauti) inakuwa nyembamba, besi hakuna. Tumeambiwa kinanda ni feki. (Katibu wa kwaya, Nzega)*

Aliyewaambia hivyo asiwauzie kingine. Katibu, shika ule waya uitazame jeki yake. Ina pete ngapi nyeusi? Kama ni mbili, hiyo ni jeki ya stirio: ncha inabeba sauti ya kushoto, sehemu ya katikati inabeba ya kulia. Ninyi mmeuchomeka kwenye tundu la mixa lililotengenezwa kwa waya wa balansi, unaobeba sauti moja kwa njia mbili, na tundu la namna hiyo kazi yake ni kutoa, kama kutoa kwa hesabu: huchukua kilicho kwenye ncha, likatoa kilicho katikati. Kushoto kutoa kulia. Besi na kiini cha piano ni vilevile pande zote mbili, kwa hiyo vinafutana, mnabakiwa na mwangwi na makapi.

Nunueni waya unaogawanyika, upande mmoja jeki ya stirio, upande wa pili jeki mbili za mono, ziingie chaneli mbili. Sauti ya kinanda iwe kama robo tatu, geini ya mixa, kile kitufe cha kukuza sauti inayoingia, ianzie chini kabisa mpande nayo taratibu. Na vile vitufe vya kurekebisha besi ambavyo najua mmeshavizungusha hadi mwisho, virudisheni katikati kwanza. Wenye vinanda vyenye matundu mawili nyuma: ukiwa na waya mmoja, tumia lile lililoandikwa L/Mono, si lile la R. Nimelisema hili mara ngapi?

*Mzee wetu aliyekuwa mwanamuziki ametuachia ampu ya gitaa, bado nzima. Inafaa kwa kinanda? (Vijana wa bendi, Ng'ambo)*

Tabora ni mji wa gitaa. Bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, wote hao walitembea na nyuzi mkononi, na kinanda kilipokuja kikakaribishwa kama mgeni wa usiku: kikapewa kilichobaki. Ugonjwa huo haujaisha. Bendi inanunulia gitaa ampu, ngoma inanunuliwa ngozi mpya, kinanda kinaambiwa "chomeka hapo hapo."

Spika ya gitaa imeundwa makusudi inyamaze kuanzia kama hezi 5,000 (hezi zikiwa nyingi sauti ni nyembamba, zikiwa chache ni nzito) kwenda juu, kwa sababu huko juu gitaa la umeme linakuwa kali kama msumeno. Uzi wake mnene unaanzia hezi 82. Kinanda cha noti 88 kinaanzia hezi 27.5, na mng'ao wa kengele zake unapita 10,000. Ukikipitisha kwenye ampu ya gitaa umekivisha blanketi, na ukilazimisha besi za mkono wa kushoto utaipasua spika ya mzee. Ampu ya gitaa la besi ni afadhali chini, lakini nyingi hazina twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, kwa hiyo juu kunabaki giza.

Kuna kitu kimoja tu ningewaruhusu: sauti ya ogani yenye ukwaruzo. Ile ikipita kwenye ampu ya gitaa inanoga kweli. Mengine yote yanataka spika ya sauti kamili. Kwa bendi changa, ile yenye ampu ndani, inchi 12 na twita nzuri. Inchi 15 ya bei nafuu mara nyingi ina pengo la sauti pale katikati, panapokaa mkono wa kulia wa piano. Hakikisheni ina tundu la kutolea sauti nyuma, ili iwe monita yenu na wakati huo huo impelekee fundi mitambo sauti.

Na hiyo ampu msiiuze. Mpeni mpiga solo.

*Kuna mvumo wa "mmmm" tukiunganisha kinanda na mixa. Tuking'oa ile pini ndefu ya plagi ya spika unaisha. Tuache hivyo? (Urambo)*

Irudisheni leo. Leo, si Jumapili. Ile ni pini ya ethi, ndiyo inayobeba umeme uliovuja usipitie kwenye mdomo wa mwimbaji aliyegusa maiki. Na wale mnaochomeka plagi ya pini mbili kwa kusukuma kijiti cha kiberiti kwenye tundu la juu, nawaona pia.

Mvumo unatokea mara nyingi kwa sababu vyombo vimepata ethi mbili tofauti, kinanda kwenye ukuta huu, mixa kwenye ukuta ule. Chomekeni vyote sehemu moja. Ukiendelea, nunueni kisanduku cha DI, kinachokaa kati ya kinanda na mixa, kitu kisichozidi kipande cha sabuni ya mche, chenye swichi ya kukata ethi ya waya wa sauti. Wa sauti, nasema, si wa umeme. Kinahitajika pia kama waya wa jeki unazidi mita sita hivi.

*Kaka fundi, habari za kazi. Mume wangu anapiga kinanda kwenye maharusi. Akirudi anasema masikio yanalia "wiii" mpaka asubuhi, na siku hizi televisheni anaifungulia sana. Ni kawaida? (Kaliua)*

Dada, ni kawaida kwetu wanamuziki, lakini si salama. Mwende hospitali akapimwe masikio mapema, kwa sababu kinachokufa ndani ya sikio hakioti tena.

Mwonyeshe hesabu hii. Desibeli 85 sikio linavumilia saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Zikifika 100, ambazo kwenye ukumbi wenye ngoma hazina ugeni, ni dakika 15. Yeye anakaa pale kuanzia saa mbili usiku hadi saa nane. Asogee mbali na matoazi, avae vizibo vya masikio, monita iwe karibu na iwe ya chini. Kama anatumia ia foni, vile visikilizio vya kuingiza masikioni badala ya monita, avae zote mbili. Akiacha sikio moja wazi anaongeza sauti kwenye lile jingine kufidia, na ndilo linaloharibika kwanza. Mwambie nimesema mimi, labda atasikia. Samahani kwa neno hilo.

*Tukipiga vijijini kwa jenereta kinanda kinajizima chenyewe na kuwaka tena. (Sikonge)*

Besi ikipiga, volti zinashuka. Tenga kinanda na mixa kwenye stabilaiza yao. Waya wa ekstensheni uwe mnene na uufungue wote, ukiacha umezungushwa unapata moto. Spika ziwashwe mwisho na zizimwe mwanzo, kabla ya kitu kingine chochote. Ule mlio wa "pwaa" mnaousikia kila mnapofunga ni twita inaaga.