Pini ya trimu imeganda: jinsi ya kuitoa bila kuvunja bano

Swali: Assalaam alaykum fundi. Nina boti ya faiba ya futi 26 hapa Nungwi, inapeleka wageni Mnemba. Mashine ni Yamaha farasi 115, tustroki. Tangu wiki iliyopita haipandi wala haishuki. Nikibonyeza swichi nasikia "tak" tu chini ya kifuniko. Fundi wa hapa anasema trimu yote, yaani kile kifaa cha kuipandisha na kuishusha mashine, itoke, lakini pini ya chini inayoishika ameipiga nyundo kutwa nzima na haijasogea. Nifanyeje?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kwanza mwambie fundi aweke nyundo chini. Bano linaloshika mashine kwenye ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, ni alumini ya kumimina. Likipasuka sikio halichomelewi likarudi kama lilivyokuwa, na bano jipya ni ghali kuliko hiyo kazi nzima mnayoifanya.

Hiyo "tak" ni rilei, ile swichi ya umeme inayoiwasha mota. Maana yake swichi inafanya kazi na umeme unafika mpaka hapo. Basi kabla hujang'oa kitu, chomoa waya mbili nene zinazoshuka kwenye mota ya trimu, buluu na kijani, uziunge moja kwa moja na betri ya volti 12 iliyojaa. Buluu kwenye chanya na kijani kwenye hasi, mota ipandishe, zigeuze, ishushe. Ikizunguka, ugonjwa upo kwenye rilei au kwenye vichwa vya waya vilivyoota kutu ya kijani, na trimu haina haja ya kutoka. Ikikaa kimya, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi huku umeme ukiingia. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimekwisha au zimekwama. Ikizunguka lakini mashine hainyanyuki, angalia oili ya trimu na ile valvu ya mkono, inayoiachia oili ili mashine inyanyuliwe kwa mikono, kabla ya kulaumu pampu.

Tuseme mota imekufa kweli na trimu lazima itoke. Chagua siku kwa kuangalia maji. Ukiipandisha boti pwani kwenye kilele cha bamvua, yaani maji makubwa, basi maji mafu, yale madogo yanayofuata, hayataifikia, nawe utapata siku kadhaa za kufanya kazi pakavu. Usiifanye kazi hii baina ya maji kupwa na kujaa, kwa sababu pini iliyoganda haitaki haraka.

Ondoa betri. Toa tangi la petroli na mpira wake, uyaweke mbali kabisa, maana moto utatumika. Halafu fungua valvu ya mkono. Ni skrubu bapa inayoonekana kupitia tundu ubavuni mwa bano. Izungushe kinyume cha saa mpaka ikome, kwa bisibisi pana inayokaa vizuri, kwani kichwa chake huharibika upesi. Watu watatu wainue mashine mpaka juu, kisha mteremshe kile kitegemeo cha kufungia.

Hapa ndipo watu huumia. Kile kitegemeo kimewekwa kwa ajili ya boti iliyoegeshwa, hakikukusudiwa fundi aliyeingiza mikono chini ya mashine. Trimu ikishatoka hakuna kingine kinachoizuia mashine kuanguka, na uzito wa mashine unapita kilo 100. Ininginize kwa cheni bloki kutoka kwenye pete yake ya kunyanyulia. Kama huna cheni bloki, simamisha boriti mbili za mkoko chini yake, kila moja juu ya kipande cha ubao ili isizame mchangani, na ufunge kamba nene kutoka kwenye mashine kwenda mbele ya boti. Isukume kwa bega kabla hujaingiza mkono. Ikicheza, funga upya.

Waya za mota usizikate. Funga uzi wa nailoni kwenye ncha zake, kisha uzivute zitoke kupitia matundu yake taratibu. Uzi utabaki ndani, na siku ya kurudisha ndio utakaozivuta mpaka mahali pake. Bila uzi huo utapoteza saa nzima ukitafuta njia ya waya.

Pini ya juu, inayoshika kichwa cha silinda, kwa kawaida haisumbui. Toa klipu kwa koleo lake na uisukume kwa kipande cha shaba. Valvu ikiwa bado wazi, sukuma fimbo ya silinda irudi ndani ili trimu ipate nafasi ya kutoka. Usifungue kizibo cha oili fimbo ikiwa chini. Oili itaruka usoni.

Sasa pini ya chini. Pini ni stenlesi, bano ni alumini, na baina yao yameingia maji ya chumvi. Metali hizo mbili zikikaa pamoja kwenye chumvi, alumini ndiyo huliwa, nayo huacha unga mweupe unaovimba na kuibana pini pande zote. Nyundo haiondoi unga huo. Inatawanya tu ncha ya pini, na ncha iliyotawanyika haipiti tena kwenye tundu. Kwa vile imeshapigwa, anza kwa kuipiga tupa ncha hiyo mpaka irudi unene wake.

Changanya oili ya giaboksi otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Tia pande zote mbili jioni, rudia asubuhi, na uache mpaka kesho yake. Kisha tumia joto. Mimi hupendelea maji yanayochemka, birika baada ya birika, juu ya bano. Alumini hutanuka kuliko stenlesi, hivyo tundu hufunguka kidogo. Maji hayachomi faiba wala hayaharibu sili za silinda, zile raba zinazozuia oili isivuje. Ukilazimika kutumia gesi, subiri asetoni ikauke kabisa, elekeza moto kwenye bano na si kwenye pini, na uache kabla rangi haijatoa malengelenge. Bushi za plastiki zilizomo ndani huenda zikaharibika, basi nunua mpya mapema.

Bano likiwa bado la moto, usianze kwa kusukuma. Zungusha kwanza. Ishike pini kwa spana ya bomba, uipeleke kulia kidogo, kushoto kidogo. Ukiona unga mweupe unatoka na mafuta, imeanza kuachia. Hapo weka klempu kubwa, soketi pana upande wa kutokea na kipande cha chuma chembamba kuliko pini upande wa kusukumia, ukaze robo mzunguko kila mara. Baada ya siku mbili ikiwa haijasogea, shusha mashine nzima uipeleke kwenye karakana yenye presi.

Trimu ikitoka, vuta fimbo mpaka juu, kisha mwaga oili uitazame. Ikiwa nyeupe kama tui la nazi, maji yameingia, na sili zote zibadilishwe pamoja na mota. Kubadilisha mota peke yake hapo ni kutupa pesa.

Wakati wa kurudisha, sugua tundu mpaka alumini ing'ae, weka bushi na klipu mpya, na upake pini nzima grisi ya baharini, siyo ncha tu. Jaza oili aina ya Dexron II fimbo ikiwa juu kabisa, mpaka ifike ukingo wa tundu la kujazia. Funga kizibo na valvu, pandisha na kushusha mara tano ili hewa itoke, kisha pima oili tena fimbo ikiwa juu. Tazama pia ile zinki chini ya mabano, kipande kinacholiwa na chumvi badala ya alumini. Ikiliwa nusu, badilisha, na usiipake rangi.