Mgombea mwenza akianza kuingia mitini: kwa nyie mnaoanza kazi za kampeni

Vijana mnaoingia kwenye timu za kampeni kwa mara ya kwanza, kuna jambo hamtaambiwa kwenye kikao cha kuwakaribisha kwa sababu hakuna mtu anataka kulisema bosi akiwa amekaa pale mbele, nalo ni kwamba mgombea mwenza anaweza kusepa. Na siku akisepa wa kwanza kupigiwa na waandishi sio mgombea, ni wewe uliyeshika simu ya ofisi. Kwa hiyo bora uelewe mapema kinachomsukuma mtu kufika huko, ili usije ukaanza kubuni majibu hewani.

Jibu ambalo kila mtu atakupa ni kwamba ameona wanashindwa akakimbia. Hiyo ni nusu tu ya ukweli. Wagombea wenza kibao wamebaki kwenye kampeni ambazo hata mtoto alijua zimeshakufa. Chukulia James Stockdale kule Marekani 1992. Yule mzee alikuwa admirali mstaafu, alikaa mfungwa wa vita Vietnam zaidi ya miaka 7, Ross Perot, mgombea huru wa urais, akamwomba jina lake likae kwenye fomu kwa muda tu mpaka apatikane mwenza wa kweli. Perot akajitoa mwezi wa saba, akarudi tarehe 1 Oktoba, na Stockdale akajikuta bado ndo mwenza. Wiki mbili hazijaisha yuko jukwaani kwenye mdahalo wa kitaifa na wenza wa wapinzani, Al Gore na Dan Quayle, anaanza kwa kuuliza "Mimi ni nani? Nipo hapa kwa nini?", watu wanacheka, baadaye anaomba swali lirudiwe kwa sababu kifaa chake cha kusikia hakikuwa kimewashwa. Mtu huyo alikuwa na kila sababu ya kubwaga manyanga na hakubwaga. Mimi nadhani alibaki kwa sababu hakuwa anajenga maisha ya siasa, hakuwa na kiti cha kulinda wala uchaguzi wa baadaye wa kuupigia hesabu. Aliombwa na mtu anayemheshimu akakubali, basi.

Sasa mlinganishe na Benjamin Fitzpatrick, hukohuko Marekani 1860. Chama cha Democrats kilikuwa kimepasuka vipande viwili kwa suala la utumwa, wajumbe wengi wa kusini wakatoka ukumbini, waliobaki wakampitisha Stephen Douglas awe mgombea na Fitzpatrick awe mwenza. Huyu alikuwa seneta wa Alabama, na ujumbe wa jimbo lake ni miongoni mwa waliotoka. Akakataa uteuzi siku chache tu baadaye, ikabidi atafutwe Herschel Johnson wa Georgia haraka haraka. Douglas aliishia na kura 12, nchi nzima, za wajumbe maalumu wa majimbo ambao kule ndo humchagua rais. Fitzpatrick hakuhitaji utafiti wa maoni kujua hilo, ila hata kama wangekaribia kushinda angerudi kwa watu gani?

Kwa hiyo swali la kujiuliza kuhusu mwenza wako sio "tunashinda au hatushindi". Jiulize huyu mtu siku ya pili baada ya matokeo anaamka na nini. Mgombea mkuu hesabu zake zinaishia siku ya kura, akishinda ameshinda, akishindwa wengi ndo mwisho wa safari yao. Mwenza mara nyingi ni mdogo kiumri au kisiasa, hesabu zake zinaanzia pale za bosi zinapoishia. Ana wapiga kura wake wa nyumbani, ana wachangiaji wake, ana uchaguzi ujao ambao anauwaza kimoyomoyo hata kama kwenye mahojiano anaapa hauwazi. Kampeni ikidorora kidogo atavumilia. Ikidorora kwa namna inayomchafulia jina, hapo anaanza kuangalia mlango.

Na kuna kitu sheria zenyewe zinakifanya kiwe kigumu zaidi. Katiba ya Kenya ibara ya 148 inataka mgombea mwenza awe mtu mwenye sifa za kugombea urais mwenyewe. Ni sawa kabisa, maana anaweza kuamka siku moja akawa rais, lakini maana yake kila tiketi, yaani mgombea na mwenza wake, ina watu wawili wanaojiona wanatosha kuwa namba moja, alafu mmoja ameambiwa akae kiti cha pembeni. Kampeni ikiwa inapaa hilo halionekani. Ikianza kushuka, kila kosa la bosi mwenza analiona kama kosa ambalo yeye asingelifanya.

Hapa nije kwenye sababu ambayo kwa uzoefu wangu ndo kubwa kuliko zote na haiandikwi sana kwa kuwa haina mvuto, ni KUTENGWA. Mwenza hana bajeti yake, hana gari lake, hana kura zake peke yake, kila kitu anategemea ofisi ya mgombea. Hela zikianza kukata, panga la kwanza linaangukia upande wake. Hakuna mtu atamwambia "tumekupunguza". Ratiba inatumwa kwenye grupu usiku wa manane, asubuhi anagundua mkutano wake mkubwa umehamishiwa kwa mgombea, yeye kapewa kikao cha ndani na watu thelathini. Hotuba inamfikia ikiwa imeshachapwa, imeshatumwa kwa vyombo vya habari, alafu ndani yake kuna mstari unaopingana na kitu alichokisema yeye mwezi uliopita. Taarifa inatoka ina nukuu yake, yeye anaisoma mtandaoni kama wewe na mimi. Mabango mapya yanakuja picha yake imekuwa ya kipassport kwenye kona. Kila kimoja ukikitazama peke yake ni kitu kidogo, na mratibu ana maelezo mazuri tu kwa kila kimoja. Lakini mwenza anavijumlisha, na jumla anayoipata ni kwamba atalaumiwa kwa kushindwa kwa maamuzi ambayo hakuwepo kwenye chumba yalipofanyika. Nimekaa kwenye kampeni ambayo mwenza alijua msimamo mpya wa tiketi kutoka kwa mwandishi aliyempigia kutaka maoni, na yule mama alijibu kwa utulivu mkubwa, ila kuanzia siku ile alianza kuja na mtu wake wa kuandika muhtasari wa kila kikao. Mkiona hivyo jueni anatunza ushahidi wa baadaye.

Sababu ya hela inajulikana ila watu huielewa upande mmoja. Tunadhani mwenza anaondoka akikosa hela. Kuna wenza wanaochaguliwa kwa sababu wao ndo WENYE hela. Sheria ya Marekani inamruhusu mgombea kutumia mali yake mwenyewe kwenye kampeni yake bila kikomo, kwa hiyo mgombea huru asiye na chama kikubwa nyuma yake ana sababu nzuri sana ya kutafuta mwenza tajiri. Robert F. Kennedy Jr., mgombea huru wa urais, alimtangaza Nicole Shanahan kuwa mwenza wake machi 2024, mwanasheria aliyepata utajiri wake Silicon Valley, kitovu cha kampuni za teknolojia, na aliyeingiza mamilioni kwenye ile kampeni. Agosti, namba zikiwa zimeporomoka, Shanahan ndiye aliyesema kwenye mahojiano kwamba wanapima njia mbili, kubaki wajenge chama au kujitoa wamuunge mkono Trump. Siku chache baadaye, tarehe 23, Kennedy akasimamisha kampeni. Hapo mwenza hakumwacha mgombea, waliondoka pamoja, ila angalia nani alitangulia kuusema ule mjadala wa ndani hadharani. Mwenye hela anaruhusiwa kusema mambo ambayo mwenza wa kawaida angefokewa.

Alafu kuna wanaosemwa wamejitoa kumbe wametoswa. Mfano ambao kila mtu kwenye kazi hii anatakiwa aujue ni wa Thomas Eagleton 1972. Alipitishwa tarehe 13 Julai kuwa mwenza wa George McGovern, mgombea urais wa Democrats, uteuzi wa harakaharaka siku ya mwisho baada ya wengine kukataa. Ndani ya wiki mbili ikabidi atangaze kwamba alishawahi kulazwa mara 3 kwa msongo na sonona na kutibiwa kwa shoti za umeme. McGovern akasema anamuunga mkono asilimia 1000. Kufikia mwisho wa mwezi Eagleton alikuwa nje, Sargent Shriver akaingia, na novemba wakapata Massachusetts na Washington D.C. tu, majimbo mengine 49 yakaenda kwa Nixon. Watu hupenda kusema Eagleton ndo aliiua ile kampeni, mimi sikubaliani, kampeni iliyo imara haichagui mwenza kwa masaa machache kwenye simu. Somo la kwenu wa kitengo cha habari liko kwenye ile asilimia 1000. Bosi akitaka mwandike taarifa ya kumuunga mkono mwenza kwa maneno makubwa kuliko kawaida, muulizeni kwanza kama ameshaamua. Kama hajaamua, andikeni maneno madogo.

Za afya na familia nisizirefushe, zipo na ni za kweli saa nyingine, na hata zikiwa kisingizio zipokeeni hivyohivyo maana ndo mlango wa heshima kwa pande zote mbili. Na ofa kutoka kambi pinzani nayo ipo, ila ofa mara nyingi humkuta mtu ambaye ameshachoka, haimchoshi yenyewe.

Sasa kitu kinachowachanganya wageni. Mnasubiri barua ya kujiuzulu, na barua haiji. Sababu ni kwamba sehemu nyingi kisheria kuondoka ni shughuli pevu. Kenya, tume ya uchaguzi ikishapokea jina la mwenza chama hakiwezi kulibadilisha hivihivi tu. Nigeria kuna tarehe ya mwisho ya mgombea kujitoa kwa maandishi, ndo maana 2022 vyama vingine viliwasilisha kwanza majina ya kushikilia nafasi, Kabir Masari akawekwa kwa upande wa mgombea Bola Tinubu kisha akajitoa Julai akaingia Kashim Shettima, na hiyo haikuwa dalili ya kampeni mbovu kabisa, walishinda. Tanzania mgombea na mwenza lazima mmoja atoke upande mmoja wa Muungano na mwingine upande wa pili, tiketi haisimami kwa mguu mmoja. Mwaka 2005 mgombea mwenza wa CHADEMA alipofariki siku chache kabla ya kura, uchaguzi wa Muungano wote ulisogezwa kutoka 30 Oktoba hadi 14 Desemba. Uzito wa mwenza kwenye sheria ni mkubwa kuliko uzito wake kwenye ofisi za kampeni, na hilo peke yake linaeleza ugomvi mwingi.

Kwa hiyo kwa kuwa kutoka rasmi ni kugumu, wengi wanaondoka bila kuondoka. Jina liko kwenye fomu, mtu hayupo. Anaacha kutaja jina la mgombea kwenye hotuba, anasema "sisi" alafu baadaye anasema "mimi na wananchi wa kwetu". Anakubali mikutano ya kwao tu. Anaacha kusambaza machapisho ya kampeni kwenye kurasa zake, anaweka picha za zamani za kazi zake mwenyewe. Wasaidizi wake wanaanza kuulizia CV zao zipo wapi. Anapanga mahojiano bila kupitia kwenu. Saa nyingine anapingana na kambi yake hadharani kabisa akiwa bado ndani, kama tulivyoona Kenya 2022 mgombea mwenza wa Roots Party alivyopishana na viongozi wake siku chache kabla ya kura. Ukimuuliza kama ameondoka atakwambia hapana, na kisheria hadanganyi.

Mnaweza kufanya nini mkiwa wadogo pale ofisini? Sio mengi, lakini yapo. Ratiba ya mwenza apewe mtu mmoja anayejibika, na mabadiliko yote apigiwe simu, sio kutupiwa kwenye grupu. Hakuna nukuu yake inayotoka bila yeye au msaidizi wake kuiona, hata kama bosi anakimbiza, hapa nimeona watu wanasema "atakubali tu", hakubali. Hela ya mafuta na ya kulala ya timu yake ilipwe siku ileile ya timu ya mgombea. Mkimwona anaanza kukaa kimya msipeleke umbea kwa bosi kwamba ni msaliti, pelekeni orodha ya vitu alivyonyimwa, tarehe kwa tarehe, maana bosi mwingi hajui kabisa kinachofanywa kwa jina lake na mameneja wake.

Na kama ameshaamua, msimfukuzie na maneno. Kabla ya taarifa yoyote kutoka hakikisheni mwanasheria wa chama amesema kama jina linaweza kubadilishwa au linabaki kwenye fomu, kwa sababu mkishatangaza "tumempata mwingine" alafu tume ikasema haiwezekani mtakuwa mnafanya kampeni na mtu mliyemtukana jana. Badilisheni nywila za kurasa za pamoja, kwa adabu, mkiwa mmemwambia. Simamisheni mabango yaliyoko kwa mchapaji. Wapigieni wachangiaji walioletwa na yeye kabla hawajasikia redioni, na apige mgombea mwenyewe, sio nyinyi.