Kijana wa Lubumbashi, kabla hujavaa tisheti ya chama

Katika kampeni za mwaka 2018 na zile za 2023 nilifanya kazi na vijana wa chama kimoja cha siasa hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi nchini Kongo, kwanza nikigawa karatasi za mgombea, kisha nikiwa shahidi, yaani mwakilishi wa chama anayeangalia kura kituoni. Kwa yale niliyoyaona, nawaomba wadogo zangu wanaoingia siasa sasa wasikubali kazi yao chamani iwe kucheza ngoma nyuma ya gari na kutukana watu mtandaoni kwa niaba ya mkubwa asiyejua hata majina yao.

Kampeni ya 2023 ilifunguliwa tarehe 19 Novemba ikafungwa tarehe 18 Desemba, lakini orodha za wagombea zilikuwa zimekwisha kupelekwa CENI, tume ya uchaguzi, muda mrefu kabla. Anayekuja chamani siku ya tisheti anakuta mambo yameamuliwa. Nenda kwenye vikao vya tawi mapema, omba kadi, omba kusoma katiba ya chama, uliza wagombea huteuliwa na nani. Sheria inamruhusu mtu kugombea ubunge wa taifa akiwa na miaka 25, kwa hiyo mwanafunzi wa leo hayuko mbali. Na kwa kuwa orodha yenye nusu ya wanawake husamehewa ada ya kugombea, dada zetu wasikubali kuandikwa kwa ajili ya kujaza karatasi tu, bila msaada wowote wa kampeni.

Chunguza pia nguvu ya chama nchini kote. Tangu marekebisho ya 2017, orodha isiyofikisha asilimia 1 ya kura za nchi nzima haipati kiti katika Bunge la taifa, hata kama mgombea wake amependwa sana Lubumbashi. Vijana wengi hulijua jambo hili baada ya matokeo, wakati machozi hayasaidii tena.

Lakini linaloniumiza zaidi ni maneno yetu kwenye simu. Katika mkoa wetu wa Katanga, mwaka 1992 na 1993, majirani wenye asili ya mkoa wa Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu, wakafukuzwa majumbani, wakarundikana kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi walikufa. Kila kampeni inapokaribia, maneno ya namna hiyo hurudi kwenye vikundi vya WhatsApp, mara nyingi kwa sauti zilizorekodiwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule. Kama unasimamia kikundi, futa ujumbe huo mara moja, kisha mpigie mwenyewe simu mzungumze pembeni, kwa maana anayekemewa mbele ya watu mia mbili huona aibu na kuzidi kutukana. Mweleze pia kwamba Kanuni ya Dijitali, sheria ya nchi yetu ya Machi 2023, humwadhibu anayeanzisha habari ya uongo dhidi ya mtu mtandaoni na anayeisambaza vilevile, kwa kifungo cha mwezi 1 hadi 6. Kusema «mimi nilitumiwa tu» hakutamwokoa.

Kazi ambayo simu yako inaifanya vizuri kuliko matusi ni ile ya usiku wa kuhesabu kura. Shahidi ana haki ya kupata nakala ya fishi, yaani karatasi ya matokeo ya kituo, na nakala nyingine hubandikwa kituoni, ambapo kila mtu anaweza kuisoma na kuipiga picha. Hakikisha saini, namba ya kituo na jumla ya kura vinasomeka. Hata hivyo usitegemee picha peke yake: tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, intaneti ilikatwa nchini, ujumbe mfupi nao ukazuiwa, na hali hiyo ikaendelea karibu wiki tatu. Sisi tulibeba fishi mkononi hadi ofisi ya chama. Ndiyo maana mwaka 2023 tulidai kila shahidi wetu apewe daftari, kalamu na nauli ya kurudi usiku, na hayo ndiyo ningewashauri myadai chamani mapema, kabla ya kuulizia tisheti.