Ruzuku ya Mradi wa Jamii: Ushauri kwa Wanaoanza Kuandika Maandiko

Swali ambalo vikundi vipya huuliza kwanza ni wapi wafadhili wanapatikana, nami huwaomba wasubiri kidogo kabla sijalijibu, kwa sababu majina ya wafadhili hupatikana kwa jioni moja ya kutafuta kwenye intaneti, ilhali ushahidi ambao mfadhili atautaka huchukua miezi kuukusanya. Nimesaidia vikundi kuandika maandiko ya miradi, yaani maombi ya fedha yenye maelezo na bajeti, nchini Tanzania, na baadaye nikaombwa kuyapitia maandiko ya wengine. Katika kazi zote mbili nimeona kwamba anayesoma andiko hajafika kijijini kwenu, hawafahamu viongozi wenu, ana maandiko mengine mengi mezani, na ataamini kile tu anachoweza kukihakiki.

Chukulieni mfano wa shule ya msingi yenye wasichana 300 na matundu 6 ya vyoo vya wasichana. Andiko likisema kwamba hali ya usafi ni mbaya na wanafunzi wanateseka, msomaji ataona huruma lakini hatakuwa na sababu ya kulitanguliza mbele ya jingine linalosema vivyo hivyo. Likisema kwamba kiwango kinachotumika nchini ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, kwamba wasichana wa shule hiyo wanahitaji matundu 15, kwamba upungufu ni matundu 9, na kwamba takwimu hizo zimetolewa na mwalimu mkuu kwa barua yenye mhuri wa shule, basi ukubwa wa tatizo, kiasi cha ombi na chanzo cha taarifa vyote vimejulikana ndani ya aya moja. Kwa hiyo anzeni kwenye ofisi zinazotunza takwimu: kwa mwalimu mkuu, kwa mganga mfawidhi wa zahanati, kwa chombo cha watumia maji, kwa mtendaji wa kijiji na kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ombeni takwimu kwa barua, zijibiwe kwa barua, na mzihifadhi katika jalada moja.

Hati ninayoipa uzito kuliko nyingine zote ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, au wa mtaa kwa walio mjini, ambamo wananchi wenyewe waliujadili mradi na kuukubali. Nimewahi kupitia muhtasari ulioandikwa kwa mkono kwenye daftari, wenye ajenda ya ujenzi wa vyoo, majina ya waliohudhuria yakiwa yametenganishwa wanaume na wanawake, swali la mama mmoja aliyetaka kujua ni nani atanunua sabuni baada ya mradi kwisha, jibu alilopewa, na mwishoni saini za mwenyekiti na mtendaji pamoja na mhuri wa kijiji. Swali lile la sabuni lilinishawishi kuliko kurasa zote za andiko lenyewe, maana lilionyesha kwamba watu walikuwa wameshaanza kufikiria siku ambayo mfadhili hatakuwapo. Mihtasari mingi hufuta maswali ya namna hiyo ili mkutano uonekane ulikubaliana kwa kauli moja, na kwa kufanya hivyo hupoteza ushahidi wake ulio bora. Kama kijiji chenu kilishaibua mipango yake kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, tafuteni mpango huo na mtaje mradi wenu uko katika kipaumbele cha ngapi, kwa kuwa mfadhili makini hapendi kugharimia kitu ambacho halmashauri haikitambui.

Kuhusu usajili nitasema kwa kifupi. Mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa kwa Msajili wake chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, jumuiya husajiliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, bodi za wadhamini husajiliwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na vikundi vidogo hutambuliwa na halmashauri kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Aina ya usajili huamua ni milango ipi iko wazi kwenu, lakini msikate tamaa kama bado ninyi ni kikundi kidogo. Baadhi ya wafadhili hupokea maombi ya shule, hospitali na halmashauri, kwa hiyo shule yaweza kuwa mwombaji na kikundi chenu kikawa mshirika anayekusanya mchango wa jamii na kusimamia kamati ya ujenzi.

Sasa niwajibu lile swali la kwanza. Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa mwaka 2002 na yenye makao yake Dar es Salaam, hutoa ruzuku kwa asasi za kiraia, na Mfuko wa Wanawake Tanzania, ulioanza mwaka 2008, hulenga vikundi na mashirika yanayoongozwa na wanawake. Kwa miradi ya mazingira iko Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, iliyoanza mwaka 1992 na kutekelezwa na UNDP. Ubalozi wa Japani una msaada wa miradi ya mashinani unaojulikana kwa kifupi kama GGP, Kanada ina mfuko wake wa miradi ya wenyeji, na Australia nayo ina programu ya misaada midogo ya moja kwa moja. Tangu shirika la misaada la Marekani, USAID, lilipoacha rasmi kutoa misaada Julai 1, 2025, mashirika makubwa yaliyolitegemea nayo yanatafuta fedha kwingineko, hivyo tarajieni ushindani hata katika mifuko ambayo zamani iliachiwa vikundi vidogo. Msichanganye ruzuku na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu: fedha hizo ni mikopo, hazina riba, lakini hurejeshwa.

Mkishachagua mfadhili mmoja au wawili, someni mwongozo wake wote kabla ya kuandika sentensi yoyote, na anzeni na sehemu inayoeleza kisichogharimiwa. GGP, kwa mfano, hugharimia majengo na vifaa lakini hailipi mishahara wala gharama za uendeshaji, na hudai makadirio ya bei kutoka kampuni tatu. Kikundi kinachoomba huko mshahara wa mlinzi kimejiondoa chenyewe, hata kama shida yake ni ya kweli kabisa.

Bajeti ndipo maandiko mengi mazuri yanapoanguka, nami ningependa muipe muda mrefu kuliko maelezo. Kila mstari uonyeshe kipimo, idadi na bei ya kimoja, na bei hiyo ionekane pia kwenye ankara kifani, yaani hati ya bei anayoitoa muuzaji kabla ya mauzo, mliyoambatisha. Mstari unaosema “vifaa vya ujenzi” na kufuatiwa na jumla moja kubwa haumwambii msomaji lolote, tena humtia shaka. Saruji ina bei moja dukani mjini na bei nyingine ikifika kijijini, kwa hiyo usafiri uandikwe peke yake. Mchango wa jamii, yaani mchanga, mawe, kokoto, maji na nguvukazi, upigiwe hesabu kwa bei za eneo lenu na uingizwe katika safu yake, maana ni mali halisi na wananchi wanastahili kuonekana kuwa wameitoa. Kumbukeni vilevile kwamba kati ya kuwasilisha ombi na kupokea fedha muda mrefu hupita, bei hupanda, na ruzuku inayotolewa kwa fedha za kigeni hubadilika thamani ikigeuzwa kuwa shilingi. Mwongozo ukiruhusu fungu la dharura, liwekeni. Usiporuhusu, elezeni kwa maandishi ni sehemu gani ya kazi jamii itaimalizia endapo fedha zitapungua.

Hapa niseme neno moja kwa uchungu, kwa sababu nimeona vikundi vya akina mama vikilia: mfadhili wa kweli hatozi ada ya fomu, ya usajili wala ya “kuharakisha faili”. Anayeomba fedha hizo, hata akitumia nembo ya ubalozi, ni mwizi. Na anayejitolea kuwaandikia andiko kwa masharti ya kupewa asilimia ya ruzuku anawaandalia kesi, kwa kuwa asilimia hiyo itabidi ifichwe mahali fulani katika hesabu.

Ombi likikubaliwa, kazi ya karatasi ndiyo kwanza inaanza. Kanuni za mwaka 2018 zinayataka mashirika yasiyo ya kiserikali kuwasilisha Hazina na kwa Msajili mikataba ya fedha inayozidi shilingi milioni 20 ndani ya siku 10 tangu kuisaini, kwa hiyo pangeni safari hiyo kabla ya sherehe ya kusaini. Fungueni akaunti ya mradi peke yake, yenye watia saini wasiotoka nyumba moja. Daini risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa kila ununuzi, na nakala yake itolewe siku hiyohiyo, kwa sababu maandishi ya risiti hizo hufifia na baada ya miezi michache mkaguzi atakuta karatasi nyeupe. Pigeni picha za eneo la ujenzi kutoka mahali palepale, kabla, wakati na baada ya kazi. Nakala ya ripoti ya mwisho ibaki shuleni, nyingine ibaki kwa mtendaji, na muhtasari wake usomwe katika mkutano mkuu unaofuata, palepale mradi ulipopitishwa, ili wananchi waulize fedha zilivyotumika na majibu watakayopewa yaandikwe.